Vitambaa Visivyotakiwa Kukauka

Mambo yaliharibika Jumanne ya kwanza ya muhula. Binti yangu wa miaka kumi na miwili alirudi kutoka shule, akavua sare, akaketi kufua vitambaa vya kiwandani, kazi aliyoirithi baada ya mama yake kufariki.

Kiwandani kwetu tunapika dawa. Ndani ya mtungi tunatia unga mweusi, mkaa wa vifuu vya nazi uliobeba chembe za metali ya bei ghali. Unga huo huharakisha upishi na wenyewe haupungui. Tunauchuja kwa kitambaa, tunauosha, tunaurudisha kazini tena na tena. Maji ya kiwandani yalipokatika, wakubwa hawakuleta hata tangi. Walituambia vitambaa tukafulie majumbani, ila virudi vimelowa. Kwa nini vilowe, hawakusema. Sisi ni watu wa kuambiwa tu.

Siku hiyo wenzake walikuwa wanamwita mchezoni. Alifua nusunusu, unga ukabaki kwenye nyuzi, akavianika kambani kama shuka. Vidogo viwili vilipokauka alivikunja, akavisukuma chini ya kitanda cha mdogo wake visipeperuke. Kisha akaenda zake kucheza.

Vilivyobaki kambani vikaanza kufuka moshi bila mtu kuvigusa. Moto ukapanda kwenye pazia la dirisha lililo karibu na kamba. Majirani walipouzima, kila kidole kilimwelekea mdogo wake, ambaye mtaa mzima unamwita Bwana Kiberiti kwa kupenda kuchezea njiti. Mtoto alilia, akaapa hakugusa kitu. Dada yake alisimama pale akitazama miguu yake. Shangazi yao, dada yangu tunayeishi naye, akamwadhibu mdogo: aende kulala jua likiwa bado juu.

Harufu ya kuungua haikuisha. Nilidhani ni pazia. Binti alikuwa akiutazama mlango wa chumba alicholala mdogo wake.

"Baba, si yeye," akasema. "Nilivianika vile vitambaa. Vingine viko chini ya kitanda chake."

Nilikimbilia chumbani, nikamvuta mtoto kitandani kwa mkono mmoja. Shangazi akamwaga ndoo nzima uvunguni. Lile furushi la vitambaa lilikuwa limeshakuwa jekundu katikati, kimyakimya, kama kaa.

Binti alimwomba mdogo wake msamaha. Yule akafuta kamasi, akasema basi kuanzia leo dada ndiye aitwe Kiberiti.

"Kuanika hukujua, mwanangu," Shangazi akamwambia. "Kunyamaza ulijua. Na kunyamaza ndiko kulikotaka kumuua ndugu yako. Ukikosea, sema hapohapo."

Asubuhi nilimpelekea msimamizi mabaki. Hakushtuka. Alisema inajulikana, unga ule ukikauka hujiwakia wenyewe. Nikamuuliza mbele ya wafanyakazi wote:

"Mtoto amekiri kosa lake siku ileile. Ninyi mliojua, mkatupatia moto tukalale nao, mtakiri lini?"