Namba Ishirini na Mbili

Jioni ile iliitikia sauti moja ya ziada, na kwa kuwa iliitikia kwa adabu, hakuna aliyeshtuka.

Wa kwanza kushtuka angekuwa Antena, kijana fundi wa redio. Lakini Antena, jamani, alikuwa bado anajisifu. Asubuhi alipanda kilima cha tatu na ripita mpya mgongoni, ile mashine inayodaka sauti dhaifu ya redio za mkononi na kuirusha upya hadi kilima kingine. Akang'oa ya zamani iliyojaa kutu na viota vya nyigu, akafunga mpya peke yake. Peke yake, nasema, maana habari hiyo aliirudia mara tisa kabla chai haijapoa.

"Nikigusa waya, waya wenyewe unaniamkia," alimwambia bibi yake.

"Mume wangu," Bibi akajibu, kwani ndivyo alivyomtania tangu anatambaa, "na kufuli umerudisha?"

"Nimerudisha kila kitu."

Uongo mtupu. Kufuli lilikuwa mvumo wa chini ambao redio ya kila mwanachama huubeba chini ya sauti ya mwenyewe. Ripita isipousikia, haifunguki. Marehemu Babu, aliyeanzisha mtandao wa redio wa vilima vinne, aliandika kwa rangi ndani ya mfuniko wa ile ya zamani: USIONDOE KUFULI HATA KWA KUJARIBU. Antena aliliondoa kwa kujaribu. Dakika tano tu, alijiambia. Kisha akaona mawingu, akakumbuka chakula, akashuka.

Saa kumi na mbili jioni Bibi akawaita wanachama redioni, namba kwa namba, kama alivyoita kwa miaka thelathini. Namba moja, seremala: "Nipo." Namba mbili, nesi wa zahanati: "Nipo." Namba tatu ni Bibi mwenyewe, kwa sababu Babu alitaka wageni watangulie. Akashuka hivyo hivyo hadi Antena, namba ishirini na moja. Halafu lile swali lake la kufungia, ambalo hakuliacha hata siku waliyomzika Babu:

"Kuna mwingine?"

"Nipo."

Sauti ilikuwa safi mno. Mtu yeyote akiachia kitufe, spika hutoa mkwaruzo mfupi, kshh. Huyu hakuwa na kshh. Chumba kikanuka majivu yaliyomwagiwa maji.

"Nani huyo?" Bibi aliuliza chinichini.

"Mtu kapendezwa na kazi yangu." Antena akabonyeza kitufe. "Karibu ndugu. Wewe ni namba ishirini na mbili." Akamwandika daftarini, kwa wino.

Asubuhi seremala aligonga mlango. Aligonga tu, yeye ambaye huanza kupiga hodi akiwa bado barabarani. Alipofungua mdomo ilitoka hewa. Wakamketisha, wakampa maji, na jioni ilipofika Bibi akaita namba moja. "Nipo," spika ikajibu kwa sauti ya seremala, bila kshh, na seremala mwenyewe yuko pale kitini, kashika koo.

Siku iliyofuata ikawa nesi. Antena akapanda kilima mbio, miiba ikamchana miguu, akarudisha kufuli. Jioni namba moja na namba mbili wakaitikia vilevile, kisha namba ishirini na mbili akacheka kwa sauti ya nesi, kile kicheko chake cha kubembelezea watoto kabla ya sindano.

"Kesho zamu yangu," Bibi alinong'ona. "Mto ukifurika na simu zikakata, mume wangu, nani atawaita watu wa ng'ambo watoke?"

Antena akainamia daftari, akasahau kujisifu. Mara ya kwanza maishani.

Kulipokucha sauti ya Bibi ilikuwa imekauka nusu. Wakamwita mtoa majini, mama mmoja mnene asiyependa mzaha, naye mwanachama pia, namba kumi na nne. Alilisoma daftari, akamtazama Antena.

"Umefunga mlango mgeni akiwa ndani. Twende."

Adhuhuri walikuwa kileleni, jua likiwaka, Antena akafungua kufuli na yule mama akaweka ubani juu ya ripita, akaikata ile namba kwa kisu daftarini huku akimwamuru mgeni atoke hewani, na taa ya ripita ya kurushia sauti ikawaka bila mtu kugusa kitufe, ikawaka na kubaki imewaka, na kutoka kwenye spika ya redio ya mkononi wakasikia seremala anaomba, na nesi anaomba, na Bibi kwa mbali anaomba, wote kwa pumzi moja, mpaka bati la kibanda cha ripita likaanza kutetemeka na harufu ya majivu ikawajaa puani na Antena akajikuta amepiga magoti akililia jina la Babu, ndipo taa ikazimika.

"Funga sasa," mama akasema, jasho likimtiririka. "Na nisikie vizuri. Kufuli humzuia asiyejulikana. Huyu mlishampa namba, anasubiri kizingitini. Siku saba Bibi asiulize kama kuna mwingine. Akialikwa tena, ataanza na wewe uliyemwandika."

Jioni Bibi akaita, onyo ameshaelezwa. "Nipo," akasema seremala, kshh. "Nipo," akasema nesi akilia, kshh. Bibi naye sauti imemrudia yote, machozi na kicheko vimechanganyika. Antena, aliyekaa ubavuni pake, akaitikia namba yake kwa mbwembwe, kshh, akamkonyeza. Bibi akafunika daftari kwa furaha, na mdomo ukaenda ulikozoea miaka thelathini.

"Kuna mwingine?"

Antena alirukia kitufe. Akachelewa.

Kisha spika, taratibu, na mbwembwe zote:

"Nikigusa waya, waya wenyewe unaniamkia."

Hakuna kshh.

"Mume wangu," Bibi akasema bila kugeuka, "acha utani wako."

Antena akafungua mdomo amjibu. Ikatoka hewa.