Kiapo cha Shimoni

Asubuhi baada ya kushinda kesi, Djafari alimsifu mke wake kwamba chai ni tamu, na chini ya sakafu mtu akagonga.

Chai haikuwa na sukari. Alisema vile kumfurahisha tu Chancelle. Lakini mlio ule ulikuwa wa tindo juu ya jiwe, na papo hapo Chancelle akakohoa, akatema kitu kiganjani: udongo mwekundu, mbichi, unaonuka shimo la dhahabu.

Wakatazamana. Wote wawili walijua alichofanya Djafari jana.

Shimo la Salamabila lilikuwa la Djafari na rafiki yake Bulaimu. Bulaimu alipokuwa anakata roho, aliwaita Djafari na Chancelle, akawaomba wamtunzie mjane wake, Léontine, sehemu yake. Djafari akaimeza. Léontine akamshtaki mahakamani, mjini Kasongo, na kwa kuwa hakuwa na shahidi wala karatasi, alimwambia juji, "Aape tu. Akiapa, mi naachilia." Masikini, alidhani kila mtu ana haya kama yeye.

Djafari aliinua mkono, akaapa kwamba Bulaimu alimwachia vyote. Wachimbaji waliojaa ukumbini wakaguna. Ili kuwafunga midomo, akapiga kisigino sakafuni na kuongeza kiapo cha mashimoni: "Wenyewe ya chini banisikie!"

Mpumbavu yule! Kiapo hicho huapwa ndani ya shimo tu, mbele ya majini wenye dhahabu, ambao hubaki kwao huko chini. Ukiwaita mjini, watafuata nyayo zako hadi nyumbani, maana njia nyingine hawaijui, na kwa kila uongo wako watamlipisha umpendaye.

Tangu hapo Djafari hakuweza kumwambia jirani kwamba amelala vizuri, wala mgeni kwamba amefurahi kumwona, bila ule mlio kuanza, mara chini ya kitanda, mara jikoni, mchana kweupe, kisha harufu ya maji yaliyooza, kisha sauti nzito kutoka ardhini ikisema neno moja, "Apa," na Chancelle akiinama kukohoa, kila siku udongo mwingi zaidi, hadi akashindwa kumeza hata uji.

"Baba, kaseme kweli," alimnong'oneza mumewe. "Mi ninakufa."

Djafari alimwita mwalimu Tambwe, mtoa majini. Mzee aliweka sikio sakafuni, akarudisha kombe lake la dawa mfukoni.

"Huyu haiko wa kufukuza. Ulimuita shahidi, anangojea ukweli. Uende useme kule kwa juji."

"Mwalimu, kiapo ya uongo ni buloko, ni jela!"

"Buloko batu banatokaka. Kaburini je?"

Djafari alilia kama mtoto, maana jela aliiogopa sana, lakini alimpenda Chancelle zaidi. Akambeba kwa pikipiki hadi mahakamani, mbele ya afisa wa mashtaka wa serikali, akasema yote: Bulaimu aliomba nini, yeye aliapa nini, na sehemu ya Léontine ni ipi. Kwa kila neno la kweli pumzi ya Chancelle ilifunguka. Sakafu ilinyamaza. Aliomba maji, akayanywa yote, na Djafari akacheka kwa furaha huku akiandikiwa hati ya kukamatwa.

"Kuapa uongo katika kesi yako mwenyewe ni kosa la jela," afisa alisema. "Unajua?"

"Najua, chef."

Afisa akamgeukia Chancelle. "Na huyu mama? Kama alijua akanyamaza, namufunga pamoja nawe."

Djafari hakufikiri. Alimwona tu mke wake, dhaifu vile, akilala kwenye saruji ya jela.

"Hapana, chef! Yeye hakujua kitu!"

Chini ya meza pakagongwa.

"Apa," ilisema sauti.

Chancelle alifungua mdomo kusema mwenyewe kwamba alijua, lakini udongo ulifika kabla ya neno.