Simu Nje ya Mlango

Kila siku baada ya shule, Chiriku alikaa kwenye kiti nje ya chumba cha wahariri, akifanya hesabu zake huku akilinda simu ya ofisi. Mama yake alikuwa mhariri wa jarida la wauguzi. Wahariri walipokuwa wakipitia makala, mlango ulifungwa kwa ufunguo na simu ikaachwa nje. Wasomaji hawakutakiwa kujua yaliyosemwa mle ndani.

"Wakipiga, sema hatupo," mama alimwagiza. "Na usipige domo, Chiriku wangu."

Siku hiyo simu ililia hata kabla hajafungua daftari.

"Mwanangu, nisikilize," alisema mwanamke kwa sauti ya wasiwasi. "Mimi ni muuguzi wa zahanati. Toleo jipya limetaja kiasi cha dawa ya homa, ila halisemi ni cha mtoto wa umri gani. Nina kichanga hapa, anawaka moto. Dawa nimeshaipima. Nimpe?"

"Wahariri hawapo," Chiriku akasema. Nyuma ya mlango, mama yake alikuwa akicheka.

Simu ikakatika. Kimya kile kilimtisha kuliko mlio. Alijaribu kumpigia yule muuguzi, hakupokea. Ndipo akaugonga mlango kwa ngumi zote mbili.

Mama alitoka amefura. "Si nilikwambia..."

"Nimedanganya, mama! Kuna mtoto atapewa dawa!"

Alipokwisha kueleza, daktari mmoja kati ya wahariri alilifunua jarida. Uso ulimbadilika. "Mstari wa umri tuliukata ili ukurasa utoshe," alinong'ona. "Hiki ni kiasi cha mtoto mkubwa."

Mama alipiga. Simu ikaita, ikaita. Hatimaye ikapokelewa, na kwa mbali kichanga alisikika akilia.

"Umempa?"

"Bado. Moyo ulisita."

Mama aliegemea ukuta, machozi yakamtoka. Jioni ile ile masahihisho yalitumwa kwa wasomaji wote.

Ukurasa wa kwanza wa toleo lililofuata ulieleza nani hukagua makala, kwa nini mistari hukatwa, na jinsi msomaji anavyoweza kuhoji. Mlango ukaachwa wazi, simu ikahamia mezani, katikati ya wahariri.

"Uongo ule nilikufundisha mimi, mwanangu. Nisamehe," mama alisema. "Kazi inayogusa uhai wa watu haifanywi kwa kujificha. Anayeuliza ajibiwe kweli. Na ukiona hatari, usingoje ruhusa ya mtu."

Simu ikalia. Wote wakaitazama.

"Pokea, Chiriku," mama akasema. "Mwambie tupo."