Besi ya Mzee

Alikuwa jirani yetu, ukuta kwa ukuta, mshonaji ambaye mtaa mzima ulimwita Pini. Jina lilimfaa mara mbili: mdomo wake haukukosa pini za kushikizia vitambaa, na pini zikitoka, maneno yaliyofuata yalichoma zaidi.

Mumewe, dereva wa malori ya mbali, alikuwa mtu wa kuja na kwenda. Nyumba ilikuwa ya baba mkwe, na waliobaki humo ni Pini na huyo mzee, paka na panya, na hakuna aliyekubali kuwa panya.

Ugomvi wao ulikuwa spika. Mzee alikuwa nazo mbili sebuleni, ndefu kama makabati, zimesimama juu ya misumari minene ya chuma iliyozama sakafuni. Kila alasiri, akishakula, aliwasha muziki, akazifinya sauti za waimbaji mpaka zikafifia, akaacha besi peke yake. Duu. Duu. Duu. Vikombe vilicheza kabatini, sindano ya cherehani ikaruka mshono. Ndiyo maana tulimwita Mzee Besi.

"Baba, naharibu nguo za watu," Pini alilalamika.

"Hama."

"Basi weka hata zulia chini yake."

"Ziguse," mzee alisema bila kugeuka, "utatoka humu na cherehani yako kichwani."

Kisha mzee akaugua kifua, akalazwa. Akiwa kitandani hospitalini alimpigia mkwewe simu. Hakuuliza hali ya nyumba. "Washa besi kila alasiri. Unichukie utakavyo, lakini washa."

Pini alicheka. Aliwasha, lakini kwa masharti yake. Alimwita kaka yake, fundi wa kufunga vyombo vya muziki studioni, naye akaja na majukwaa mawili aliyoyatengeneza mwenyewe: mbao nzito juu na chini, katikati springi fupi, na miguu mifupi ya mpira. Waliziinamisha spika, wakang'oa misumari. Kaka akachomeka waya kwenye tundu moja la msumari apime kina. Waya ukaingia wote.

"Dada, chini ya nyumba hii kuna shimo?"

"Chini kuna udongo kama kwa watu wote. Funika."

Akaweka majukwaa, akayasawazisha kwa pimamaji mpaka kiputo cha hewa kikatulia katikati. Akawasha besi. Glasi ya maji waliyoiweka sakafuni haikutikisika hata kidogo.

"Sasa mtikisiko unaishia kwenye springi," kaka alisema. "Futa vumbi, mafuta yasiguse mipira, spika zisiegemee ukuta. Na mara moja moja chungulia kama springi zimelala sawa."

Siku hizo Pini alishona kama malkia. Mzee akipiga simu, alisogeza simu karibu na spika. "Unasikia?" Mzee alisikia, akashukuru. Pini akaona raha ya kumdanganya adui kwa kitu cha kweli.

Alasiri moja alipiga magoti na kitambaa kufuta vumbi. Muziki ulikuwa umezimwa. Akachungulia springi za jukwaa la kulia.

Zilikuwa zimebonyea mpaka chuma kimegusana na chuma.

Akaweka kiganja kwenye ubao. Ubao ulikuwa unatetemeka. Haikuwa besi. Kulikuwa na kitu kinagonga kutoka chini, polepole, kama mtu anayebisha mlango anaojua utafunguliwa.

Alimwita kaka yake mbio. Kaka akashika jukwaa alinyanyue, mishipa ikamtoka shingoni, jukwaa halikusogea.

"Nani amekalia hapa?" alitania.

Springi zikaachia. Taratibu, zikilia. Jukwaa likapanda mahali pake. Kaka akapumua.

Jukwaa la kushoto likashuka.

"Dada," kaka alinong'ona, "hicho kitu kinahama."

Jukwaa la kushoto nalo likapanda. Pini alikuwa amesimama kando ya kochi. Akaona mto wa kochi ukididimia, katikati, taratibu, kama unavyodidimia mtu mzito anapoketi kwa uchovu.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa mzee, ameruhusiwa siku hiyo, ameshika mfuko wa dawa. Alitazama majukwaa. Hakutukana. Hilo ndilo lililomwogopesha Pini zaidi.

"Umefanya nini, mke wa mwanangu?"

"Niliwasha, Baba. Ulisikia mwenyewe."

"Sikutaka isikike! Nilitaka imfikie!"

"Imfikie nani?"

Mzee hakuliangalia kochi. Alisema kwa sauti ndogo. "Kaka yangu. Kiwanja hiki kilikuwa chetu sote wawili. Mganga aliniambia nyumba yenye damu ya ndugu haidondoki. Nikamsukuma kwenye mtaro wa msingi, zege likamwagwa. Alikuwa bado anaita. Baada ya hapo akawa anagonga. Mganga akasema asiyezikwa hapati usingizi mpaka atikiswe, kama mtoto mgongoni. Nimembembeleza miaka yote hii."

"Muuaji," Pini alisema.

"Ndiyo. Na wewe umemwamsha."

Kaka yake Pini hakungoja mabishano. Aliyavuta majukwaa, akarudisha misumari kwenye matundu yake, akasimamisha spika juu yake, akafungua besi mpaka mwisho. Duu. Duu. Vikombe vikacheza. Madirisha yakalia. Wote watatu wakatazama kochi.

Mto haukuinuka.

"Twende, Baba," Pini alisema. Hata yeye alishangaa kwamba alimshika mkono. Mzee akaupangua.

"Toka. Sikukupenda ulipoingia, sikupendi unapotoka. Huyu ana shauri na mimi."

Akaenda akaketi kwenye kochi, kando ya pale palipodidimia, mikono magotini, kama mgeni anayesubiri kuulizwa habari.

Pini na kaka yake walisimama uwanjani kwetu, jua bado lipo, sote tukisikiliza besi kupitia ukutani. Ikapiga. Ikapiga. Ikakatika. Tukasikia mzee akisema neno moja, "Kaka," halafu basi.

Tulipovunja mlango tulimkuta ameketi vilevile, amekufa, macho wazi. Spika zilikuwa bado zinawaka taa. Sakafu ilikuwa safi, kavu, haina hata ufa.

Waliomwosha ndio waliotuonyesha miguu. Kuanzia nyayo mpaka magotini ilikuwa imejaa zege, laini, mbichi, la kumwagwa siku ileile. Waliisugua kwa maji mpaka wakachoka. Walipomfunika, bado lilikuwa linachuruzika.