Kipanga Aliyeng'ang'ania Usukani

Kila siku akitoka shule, Kipanga alivua viatu mlangoni, akaosha vyombo kwa pupa, kisha akakaa mbele ya kompyuta ya baba yake kucheza mchezo wa ndege za kivita. Alikuwa hodari kweli. Ndiyo maana wenzake darasani walimbandika jina hilo la ndege mwindaji, na jina lake la kuzaliwa likasahaulika.

Nyumbani hapakuwa na amani. Baba yake alikuwa ameoa tena, na mke huyo, ambaye Kipanga alitakiwa kumwita Mama Mdogo, alifundisha urubani kwenye uwanja mdogo wa ndege nje ya mji. Kipanga hakumpenda, wala hakujisumbua kuficha.

Jioni moja Mama Mdogo alisimama nyuma ya kiti chake, taulo begani.

"Ndege ya kweli haigeuki hivyo," alisema. "Ukivuta usukani namna hiyo na mwendo ni mdogo, mabawa yanashindwa kuibeba. Inaporomoka."

"Sikukuuliza."

"Najua. Nakuambia tu kwamba huo ni uongo."

Kipanga akainuka. "Basi kaa wewe tuone."

Mama Mdogo akakaa. Hakufika mbali, alitunguliwa, ndege yake ikalipuka. Kipanga alicheka hadi akashika mbavu. "Kumbe rubani wa makaratasi," alisema.

"Chunga mdomo wako," baba alimkemea huku akipiga pasi. Lakini Mama Mdogo alikuwa amekwisha kuchukia.

"Jumamosi utakuja uwanjani," alisema. "Tutajua nani wa makaratasi."

Ndege ya mafunzo ilikuwa na viti viwili, kila kimoja na usukani wake. Kabla ya kuruka, Mama Mdogo alitoa sharti moja. "Nikisema achia, unaachia papo hapo. Hakuna mjadala."

Walipofika juu sana, Kipanga alisoma kipimo cha mwendo na cha kimo bila kufundishwa. Mama Mdogo alishangaa. "Haya, ishike," alimwambia. "Taratibu."

Kipanga hakutaka taratibu. Aliilaza ndege upande, akavuta usukani kwa nguvu zote, kama alivyozoea kumkwepa adui kwenye mchezo. Kichwa kikawa kizito kama gunia la mchanga, mashavu yakavutwa chini. Ndege ikatetemeka, king'ora kikalia, bawa moja likainama ghafla.

"Achia," alisema Mama Mdogo.

Kipanga aliona ardhi ikizunguka mbele ya kioo. Badala ya kuachia, akazidi kuvuta. Mama Mdogo alimpiga mkononi kwa nguvu, akasukuma pua ya ndege chini, akaituliza. Wakarudi kutua.

Mkuu wa uwanja na fundi wa ndege walikuwa wameiona ndege ikiporomoka. "Kumetokea nini?" mkuu aliuliza.

Kipanga aliona aibu kukiri kwamba aliogopa. "Usukani ulikwama," alisema. "Nilimwambia, hakunisikiliza."

"Si kweli," alisema Mama Mdogo.

Mkuu aliwatazama wote wawili. "Mpaka tujue ukweli, ndege hii hairuki, na wewe hufundishi."

Fundi alianza kufungua sakafu ya ndege. "Kama umekwama, atakayefuata anaweza kufa," alisema bila kuinua kichwa. "Kama haukukwama, natafuta kisichokuwepo."

Jioni ile walikaa mezani kula. Kipanga alikuwa ametamani siku nyingi kumwona Mama Mdogo akishushwa, lakini alisukuma sahani kando. Alipofungua mchezo wake, ndege yake ikaanguka, na papo hapo akapewa ndege nyingine nzima. Akaizima kompyuta. Maneno ya fundi hayakumtoka akilini.

Asubuhi aliwaomba baba na Mama Mdogo waende naye uwanjani. Vipande vya ndege vilikuwa vimetandazwa juu ya turubai.

"Haukukwama," alimwambia mkuu. "Tuligombana nyumbani, ndipo akanileta huku, na usukani niliung'ang'ania mimi. Niliogopa, kisha nikasema uongo."

Fundi alitupa bisibisi kwenye kisanduku na kusonya. Mkuu akamgeukia Mama Mdogo. "Rudi kazini. Lakini mtoto hapandishwi ndege kwa ugomvi. Hilo ni kosa lako."

"Ni kosa langu," alisema Mama Mdogo. Hakumkumbatia Kipanga, wala hakutabasamu. "Umenifanyia ubaya, na sitajifanya haujaniuma. Sasa nisikilize. Mchezo umekupa macho mazuri, nimeyaona. Lakini mchezo hauna uzito, hauna woga, na hauna mtu aliyekaa pembeni yako. Woga si aibu. Kila rubani anaujua. Aibu ni kuufunika kwa uongo, kwa sababu uongo juu ya ndege humuua mtu usiyemjua. Anayetaka kuruka aanze kwa kusema nimekosa."

"Nimekosa," alisema Kipanga.

"Basi mshikie fundi taa, aifunge sakafu aliyoifungua kwa ajili yako."

Kazi ilikuwa ndefu. Jioni ndege ile iliruka na mwanafunzi mwingine, Mama Mdogo akiwa kando yake. Kipanga alisimama na baba yake kwenye uzio mpaka ikatua.