Bakuli la Kiraka

Kila asubuhi, kabla mama hajaketi kwenye cherehani yake, kazi yangu ilikuwa kujaza bakuli la maji la Kiraka. Kiraka alikuwa paka wetu mzee, mweupe mwenye baka jeusi begani, utadhani mama mwenyewe ndiye aliyemshonea. Kisha nilijikunja chini ya meza ya kukatia nguo. Mwanga wa dirishani ulipita katika vitambaa vilivyotundikwa, chumba kizima kikawa cha samawati, na cherehani ikanguruma polepole. Kiraka akinilalia miguuni, nilisahau hata siku ya wiki. Mama aliniita Ndotoni, kwa kuwa ndiko nilikoishi.

Mwaka ule Kiraka alianza kunywa maji kupita kiasi. Alikunywa, akakojoa, akarudi kunywa tena. Siku moja alikojolea kitambaa cha gauni la bibi harusi.

"Huyu paka atanikosesha wateja!" mama alifoka. "Akirudia tu, anahama nyumba hii!"

Maneno hayo yaliniingia moyoni. Nikawaza kitoto: asiyekunywa hakojoi. Kuanzia kesho yake nilimwekea Kiraka maji ya kulowesha ulimi tu.

"Ndotoni, umempa paka maji?"

"Nimempa, mama."

Vitambaa vikabaki vikavu, nami nikajiona mjanja kweli kweli.

Siku ya nne Kiraka hakuinuka kwenye kapu la vipande vya nguo, hata alipowekewa samaki. Alitapika povu, na pumzi yake ilinuka mkojo. Mama, yule yule aliyetaka ahame, aliacha kushona mchana kweupe, akamviringisha ndani ya shuka, tukaenda mbio kwa daktari wa wanyama.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa sauti. Alivuta ngozi ya shingo ya Kiraka. Ikachelewa kurudi chini. Akachukua damu, akaenda kuipima. Ukutani palikuwa na picha ya figo mbili zenye umbo la maharage. Nilizitazama mpaka nikaziona zinaelea.

"Figo huchuja damu," daktari alieleza aliporudi. "Uchafu hutoka na mkojo. Figo za Kiraka zimechoka, ndiyo maana alikuwa anakunywa sana. Sasa uchafu umejaa kwenye damu. Niambieni, siku hizi amekuwa akipata maji ya kutosha?"

"Bakuli halikauki," mama alijibu. "Binti yangu hulijaza kila siku."

Daktari akashusha pumzi. "Kama anakunywa vizuri na damu bado iko hivi, basi figo zimekwisha. Tutamtesa bure. Afadhali tumchome sindano alale, asiamke tena."

Kiraka alifungua jicho moja, akanitazama.

"Daktari, ngoja!" nililia. "Nilimnyima maji mimi. Siku nne. Niliogopa mama atamfukuza!"

Mama alinigeukia, mdomo wazi. Niliona aibu kubwa, nikatamani kujificha chini ya meza yetu. Lakini daktari alikwisha kunyoosha mkono kuchukua chupa ya dripu.

"Hilo ndilo nililohitaji kujua," alisema. "Huenda kiu ndiyo iliyomzidishia ugonjwa. Tujaribu kumtibu."

Siku tatu matone yalidondoka, nami nikayahesabu mpaka nikasinzia. Siku ya tatu Kiraka alilamba kidole changu, kisha akala samaki. Daktari alituambia kwamba figo zile hazitarudi upya, ila kwa maji tele na chakula laini angeweza kuishi nasi bado.

Nyumbani, mama aliweka beseni la mchanga kando ya meza ya kukatia, ili Kiraka apate pa kujisaidia. Kisha akaniita.

"Nilisema kwa hasira, nikakutisha. Kosa hilo ni langu. Lakini ungeniambia ukweli, tungeliweka beseni hili siku ile ile. Mficha ugonjwa, kifo humuumbua, mwanangu. Uwongo wako ulikuwa mdogo, na karibu umuue."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Haya, mpe maji mwenzako."

Nikajaza bakuli mpaka likanimwagikia miguuni. Kiraka alikunywa kwa muda mrefu, na mama hakuanza kushona mpaka alipomaliza.