Wifi Aliyetaka Uso Wangu

"Fumba macho, wifi... fumbua! Sasa geuza shingo kushoto, taratibu..."

Shingo ikagoma katikati!

Jamani, nisomeni vizuri. Simu yake ilikuwa usoni kwangu, jikoni kwangu hapa Kisondela, ndizi zinatokota, na aliyeishika ni Jenifer, mke wa kaka yangu wa damu.

"Picha ya nini hii?"

"Mbolea ya ruzuku, si nimekwambia? Wanasajili wakulima upya. Geuza basi!"

Hayo maneno nayajua kama Baba Yetu. Fumba. Fumbua. Geuza. Benki yangu imeyaleta kwenye simu: namba ya siri haitoshi, tarakimu za kwenye meseji hazitoshi, sasa wanataka na uso! Nimesimama dirishani kama mtuhumiwa, mvua ya Rungwe inamwagika, simu inaniambia "mwanga hautoshi, jaribu tena". Nimewasema kwenye mkutano wa kijiji mpaka mwenyekiti akaninyang'anya kipaza sauti. Sijutii!

Ila mbolea haijawahi kuniambia nifumbe macho...

Halafu nikakumbuka: laini yangu ilikuwa imekufa tangu asubuhi.

Mimi huwa sisahau. Mwaka ule wa kutishiwa kuzimiwa laini, nilipanga foleni Tukuyu nisajili kwa kidole. Mashine ikanikataa! Vidole vya mchuma chai, majani yameshavisugua. Wakala akacheka: "Mama, wewe huna alama." Jenifer akasema, "Weka changu, wifi, tusichelewe." Laini ikaingia kwa jina lake. Nikamwambia ndaga, asante ya kwetu, na soda nikamnunulia!

"Jeni, nipe simu."

"Ya nini?"

"Nijione nilivyotoka."

"Hujatoka vizuri, twende nje kwenye mwanga..."

Nikaipokonya!

Nembo ya benki. Jina langu kamili. "Hatua ya mwisho: hakiki uso."

Namba ya siri anaijua, ndiye aliyenifundisha kuiweka. Laini kairenyu, kachukua kadi mpya ya namba ile ile kwa kidole chake, yangu ikafa, tarakimu zikaenda kwake. Ilibaki shingo yangu tu, na ada ya Doreen wangu ya chuo cha uuguzi ingekuwa imekwenda!

"Hata Doreen, Jeni? Uliyembeba mgongoni?"

Hakulia. Hakupiga magoti.

"Nirudishie laini yangu."

"Laini YAKO?!"

Akanisogelea: "Nenda popote. Ina kidole cha nani? Ina jina la nani?"

Nikapanda bodaboda na kanga ya jikoni hivyo hivyo. Benki wakafunga njia ya simu, ada nikailipa dirishani, kwa mkono wangu. Nikaenda na duka la laini. Dada wa kaunta akaangalia kompyuta, akaniangalia.

"Pole, mama. Hii namba ni ya Jenifer."

Mnasikia?! Namba yangu ya miaka yote, ukipiga leo anapokea yeye! Juzi mama yangu mzazi kapiga kutoka Nkunga, kaambiwa nimesafiri!

Benki nitaendelea kuwasema, waje wapige hizo picha zao jikoni kwangu kwenye moshi. Lakini ule usumbufu wao niliourudia mpaka nikaukariri ndio ulionishtua.

Na wewe uliyesajili laini kwa kidole cha ndugu, acha kunipa pole. Bonyeza *106# sasa hivi, uone hiyo laini unayoringia ina jina la nani!